Kuujua mfupa wa panja kwa vidole, ukianzia mlangoni mwa sikio

Mtihani wangu wa kwanza wa mdomo wa anatomia uliisha kabla haujaanza. Mtahini aliniwekea mfupa mmoja kiganjani, umekauka, rangi ya chai ya maziwa, akauliza swali moja tu: "Wa kulia au wa kushoto?" Nilikuwa nimekesha nikikariri majina thelathini na kitu ya sehemu zake. Nikaugeuza, nikaugeuza tena, nikajibu, "Kulia, mwalimu." Akaupokea, akaupindua, akanirudishia bila neno. Nilikuwa nimeushika miguu juu.

Leo nafundisha wanafunzi wa utabibu, na kila mwaka nawaona wakiingia kwenye shimo lile lile. Wanayajua majina, ila njia hawaijui. Mfupa wa panja ni kama mtaa wa uswahilini: nyumba zimebanana, vichochoro havina vibao, lakini mtu aliyeelekezwa vizuri hapotei. Humwambii mgeni wako majina ya wenye nyumba wote, unamwambia "ukifika msikitini, kata kushoto, utaona mwembe." Msikiti wetu hapa ni tundu la sikio. Tutatoka pale na kurudi pale kila tukipotea.

Mifupa hii ni miwili, mmoja kila upande wa kichwa. Kila mmoja una sehemu tano. Kuna gamba, ile bapa nyembamba ya juu. Mastoidi, nundu ya nyuma ya sikio. Timpani, bamba lililojikunja kutengeneza sakafu na ukuta wa mbele wa tundu la sikio. Stiloidi, msumari unaoning'inia chini. Na mwamba, kipande kigumu kinachoingia ndani kabisa chini ya ubongo. Vitabu huita cha kwanza skwamosi na cha mwisho petrosi, nami nitatumia gamba na mwamba kwa sababu ndiyo maana ya majina hayo hayo ya Kilatini.

Vitu vya kuandaa

Tafuta fuvu ambalo kifuniko cha juu kinafunguka, taya la chini liwe limewekwa pembeni. Fuvu la plastiki linatosha kwa hatua tatu za kwanza. Baada ya hapo utakuwa unapiga ramli, maana matundu madogo mengi kwenye plastiki yamezibwa au yameachwa kama vidoa tu. Chukua tochi ya simu, njiti mbili tatu za chelewa ulizozifanya butu kwenye ncha, na vipande vya uzi wa rangi tatu: mwekundu wa ateri, wa buluu wa vena, wa njano wa neva. Tandika khanga iliyokunjwa mara nne juu ya meza.

Libebe fuvu kwa mikono miwili. Usipitishe vidole kwenye matundu ya macho wala chini ya tao la shavu. Tao hilo huvunjika kirahisi, na likishavunjika kila darasa litakalofuata litasoma fuvu lenye pengo. Kama ni fuvu halisi, lilikuwa la mtu. Darasani kwangu hakuna kupiga picha, na utani unaishia mlangoni.

Hatua ya 1: jipapase mwenyewe

Fuvu lisubiri kwanza. Weka ncha ya kidole cha shahada mbele tu ya tundu la sikio lako, pale penye kinyama kidogo kinachosimama kama mlinzi wa mlango. Fungua kinywa, funga. Unachokisikia kikitembea chini ya kidole ni kichwa cha taya kikitoka kwenye shimo lake na kuteleza mbele. Shimo hilo liko kwenye mfupa wa panja. Basi umeshapata alama ya kwanza.

Bila kuondoa kidole, kitulize kidogo. Utasikia mapigo: ni ateri ya panja ya juujuu ikivuka mzizi wa tao la shavu. Wanaotoa dawa ya usingizi huipenda sana sehemu hii, kwani wako upande wa kichwani mwa mgonjwa na mkono unafika bila kuvuruga mpasuaji.

Sasa telezesha kidole mbele, kuelekea shavuni. Upau mgumu unaoufuata ni tao la shavu. Nusu yake ya nyuma ni mkono uliotoka kwenye mfupa wa panja, na nusu ya mbele ni mkono wa mfupa wa shavu. Hukutana katikati kama watu wanaosalimiana. Panda juu ya tao hilo upana wa vidole viwili, uma meno. Msuli unaovimba pale ni wa panja, nao umelala juu ya gamba.

Rudi mlangoni. Pita nyuma ya sikio, ushuke. Nundu ngumu unayoikuta, yenye ukubwa wa ncha ya dole gumba, ndiyo mastoidi. Geuza uso upande wa pili na utaona msuli mrefu wa shingo ukisimama kama kamba. Ufuate kwa juu, unajishika papo hapo kwenye nundu.

Msumari wa stiloidi hutaupata kwa kupapasa namna hii. Umezama nyuma ya taya.

Hatua ya 2: kulia au kushoto

Ukipewa mfupa peke yake nje ya fuvu, fanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Bapa nyembamba, gamba, ielekee juu. Mkono mwembamba unaokwenda kwenye shavu uelekee mbele. Mwamba, kile kipande kinene chenye umbo la piramidi, uelekee ndani, kwenye katikati ya kichwa. Ukishatimiza yote matatu, tundu la sikio litakuwa linatazama nje upande mmoja, na huo ndio upande wake.

Wanaokosea huanza na mastoidi kwa sababu ni kubwa na inaonekana. Mimi pia nilianza nayo. Lakini mtu akiushika mfupa chini juu, mastoidi inayotazama juu haimshtui, wakati gamba linalotazama chini lingemshtua mara moja.

Hatua ya 3: ukuta wa nje, na pembetatu ya Macewen

Liweke fuvu kwa upande wake, sikio likutazame. Weka njiti kwenye tundu la sikio. Kwa mtu mzima aliye hai njia hii ina urefu wa karibu sentimita 2.5: theluthi ya nje ni gegedu, theluthi mbili za ndani ni mfupa. Fuvuni gegedu imeoza zamani, kwa hiyo unachokiona ni ile sehemu ya ndani tu.

Kutoka juu ya tundu, fuata mkono wa shavu kwa kurudi nyuma. Utaona una mizizi miwili. Mmoja unageuka kuelekea ndani na kuwa kinundu kilicho mbele ya shimo la taya. Hicho ndicho kichwa cha taya hukivuka mtu anapopiga mwayo mkubwa kupita kiasi, taya likagoma kurudi. Mzizi wa pili unaendelea kunyooka nyuma, juu ya tundu la sikio, ukawa tuta dogo linalopanda kuelekea nyuma ya kichwa. Lipapase tuta hilo kwa ukucha. Baadaye litakuwa dari la jambo muhimu.

Juu ya tuta ni gamba. Washa tochi ndani ya fuvu, zima taa ya chumba. Sehemu za gamba zitang'aa rangi ya chungwa kwa jinsi zilivyo nyembamba. Angalia pia linavyokutana na mfupa wa utosini: hayakugusana ncha kwa ncha, bali gamba limelalia juu ya mwenzake, kama bati linavyolalia bati.

Nenda mbele ya gamba. Pale mifupa minne inapokaribiana, yaani wa paji, wa utosini, wa sfenoidi na wa panja, mishono yake huchora kitu kama herufi H. Pahala hapo panaitwa pterioni. Kwa mtu aliye hai utapapata kwa kipimo cha zamani: vidole viwili juu ya tao la shavu, na upana wa dole gumba nyuma ya ukingo wa mfupa unaopanda nje ya jicho. Sasa tazama kwa ndani ya fuvu, mahali hapo hapo. Kuna kifereji kilichochimbwa kwenye mfupa, kama njia ya mchwa ukutani. Ni njia ya ateri ya kati ya utando wa ubongo. Weka uzi mwekundu juu yake. Mfupa mwembamba kwa nje, ateri imeubana kwa ndani. Kijana anaanguka na bodaboda bila kofia, anapigwa panja, anazimia kidogo, anaamka, anaongea, anasema yuko sawa. Saa chache baadaye analala na haamki. Damu ya ateri hii imekuwa ikijikusanya kati ya mfupa na utando muda wote huo. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: aliyepigwa panja haruhusiwi kwenda nyumbani eti kwa sababu anaongea vizuri.

Turudi mlangoni. Nyuma ya tundu la sikio, kwa juu kidogo, kuna kibonde kidogo chenye pembe tatu. Mpaka wake wa juu ni lile tuta. Mpaka wa mbele ni ukingo wa tundu la sikio, upande wa juu na nyuma. Mpaka wa nyuma haupo kwenye mfupa: unauchora mwenyewe, mstari wima unaogusa ukingo wa nyuma wa tundu. Hii ni pembetatu ya Macewen, iliyopewa jina la William Macewen, mpasuaji wa Glasgow aliyeishi kati ya 1848 na 1924. Kwenye mafuvu mengi utaona pia kimwiba kidogo kwenye ukingo wa tundu, ndani ya pembetatu. Ni kimwiba cha Henle. Ndiyo, Henle yule yule ambaye jina lake limepewa kitanzi cha kwenye figo.

Kuna sababu ya kukusimamisha hapa. Ukitoboa mfupa moja kwa moja kutoka kwenye pembetatu hii, kwa mtu mzima unakutana na chemba yenye hewa kwenye kina cha kama milimita 15. Chemba hiyo, antro, imeunganika na sikio la kati kwa mbele, na kwa nyuma na vijichumba vya mastoidi vilivyopangika kama sega la nyuki. Usaha wa sikio la kati ukikosa pa kutokea, hurudi nyuma mpaka humo. Mpasuaji anayetaka kuutoa haingilii kwenye uvimbe. Anaingilia kwenye pembetatu. Kwa mtoto mchanga kina hicho ni kama milimita 2 tu, huongezeka karibu milimita moja kila mwaka. Aliyezoea kutoboa vichwa vya watu wazima akimkuta mtoto, mkono na uwe mwepesi.

Kwa mtu aliye hai, bonyeza kidole kwenye bonde la juu la sikio lenyewe, lile lililo juu ya mlango wa tundu. Chini ya ngozi hiyo ndipo pembetatu ilipo.

Hatua ya 4: mastoidi, na somo la mtoto mchanga

Shuka kwenye nundu. Uso wake wa nje una mikwaruzo ya misuli, na kwa kawaida wanaume huwa na nundu kubwa kuliko wanawake. Wanaochunguza mifupa isiyojulikana huitazama wanapotaka kukisia jinsia, ingawa hakuna mwenye busara anayekata shauri kwa nundu peke yake.

Igeuze uone upande wake wa ndani. Kuna mtaro mrefu uliochimbika kama wa maji ya mvua kando ya nyumba. Unashika tumbo la nyuma la digastriki, msuli wenye matumbo mawili. Weka ncha ya njiti kwenye mtaro, ivute kuelekea mbele. Pale mtaro unapokwisha, njiti itadondokea karibu na kitundu kimoja kidogo, kati ya mastoidi na msumari wa stiloidi. Ndiko inakotokea neva ya uso, neva ya 7 ya kichwa. Wapasuaji hutumia njia hii hii: wanaufuata mtaro, nao unawapeleka kwenye neva. Chomeka uzi wa njano hapo.

Sasa kama mna fuvu la mtoto mchanga chuoni, hata la plastiki, liweke pembeni ya la mtu mzima. Tafuta nundu. Haipo. Mastoidi huanza kujitokeza baada ya kuzaliwa, msuli wa shingo unapoivuta mtoto akiinua kichwa na kukaa, na huonekana vizuri kuelekea mwaka wa pili. Maana yake ni kwamba neva ya uso ya mtoto mchanga inatokea upande wa kichwa, chini tu ya ngozi, bila ukuta wa kuikinga. Koleo la kuvutia kichwa cha mtoto anapozaliwa likiminya hapo, mtoto anaweza kuzaliwa upande mmoja wa uso haulii na mwenzake. Na anayepasua jipu nyuma ya sikio la mchanga akakata kama anavyokata kwa mtu mzima, anaweza kuikata neva yenyewe.

Jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza: sikio la ndani la mchanga huyo huyo limeshafika ukubwa wa mtu mzima siku anapozaliwa. Nje hana hata nundu, ndani amemaliza kukua.

Hatua ya 5: lipindue uone sakafu

Hapa ndipo wengi wanapotea. Lilaze fuvu utosi chini kwenye khanga, uso ukutazame au ukupe kisogo, chagua mwenyewe lakini usibadilishe katikati.

Tafuta msumari wa stiloidi. Kwenye mafuvu ya darasani mara nyingi umeshavunjika na kimebaki kisiki; usiseme haupo. Ukiwa mzima hufika kama sentimita 2.5, mwembamba, umeinama mbele na ndani. Misuli mitatu na kano mbili hutoka kwake. Kwa baadhi ya watu hurefuka kupita kawaida, nao hulalamika kama wamekwamwa na mwiba wa samaki kooni ambao kila daktari anautafuta na haupati.

Msumari huo ndio kituo chako cha pili. Simama juu yake kwa mawazo, utazame mbele ya fuvu. Nyuma yako kuna kile kitundu cha neva ya uso ulichotia uzi wa njano. Upande wako wa ndani kuna shimo pana lenye kuta laini, la vena ya jugula. Mbele ya shimo la jugula kuna tundu la mviringo lenye ukingo uliokatwa safi, la ateri ya karotidi. Sema kwa sauti: nyuma neva, ndani vena, mbele ya vena ateri. Rudia upande wa pili. Kisha fumba macho urudie.

Tundu la jugula si la mfupa wa panja peke yake. Limetengenezwa kwa kukutana kwake na mfupa wa kisogo, kama geti lenye mbao mbili. Vena haipiti peke yake humo. Neva ya 9, ya 10 na ya 11 zinapenya pamoja nayo. Linganisha kulia na kushoto. Mara nyingi la kulia ni kubwa zaidi, kwa sababu upande huo ndio hupitisha damu nyingi ya ubongo. Fuvu lenu likiwa kinyume, halina kasoro.

Jaribu la karotidi nalipenda kuliko yote. Chukua njiti ya chelewa, iingize kwenye tundu la karotidi, isukume taratibu. Itagonga ukuta. Usilazimishe. Sasa chukua uzi mwekundu uliotiwa nta kidogo, uingize, uusukume: utakata kona karibu nyuzi 90, uende mbele na ndani, mpaka uchungulie kwenye ncha ya mwamba. Hivyo ndivyo ateri inavyokwenda. Inapanda, inakata kona, na inapokata imepita jirani kabisa na sikio la kati, ukuta mwembamba katikati. Mtu anayesikia mapigo ya moyo wake sikioni usiku hayupo mbali na ukweli. Jirani yake ni ateri kubwa.

Kwenye ukuta wa nje wa shimo la jugula, ukiwa na tochi nzuri na subira, kuna kitobo kidogo sana. Kinapitisha tawi la neva ya vegasi, ile ya 10, linalokwenda kwenye ngozi ya tundu la sikio. Kila aliyewahi kujichokonoa sikio kwa unyoya wa kuku akashtukia anakohoa bila kikohozi, amekutana na tawi hili. Vegasi inahudumia koo na mapafu pia, hivyo ubongo unapopata taarifa kutoka sikioni unadhani kero iko kooni. (Unyoya, kiberiti, funguo: viache.)

Shimo la taya uliligusa katika hatua ya 1. Lione sasa kwa chini, mbele ya tundu la sikio. Nyuma yake kuna ufa mwembamba. Unapitisha kineva kinachobeba ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi. Inatosha.

Hatua ya 6: fungua kifuniko

Ondoa kifuniko, tazama kutoka juu. Mwamba unaonekana kama mgongo wa paa la nyumba lililowekwa mshazari, kutoka ukutani nyuma ya sikio kuelekea katikati na mbele, karibu nyuzi 45. Una mteremko wa mbele na mteremko wa nyuma. Mteremko wa mbele unabeba ubongo wa panja; wa nyuma unatazama ubongo mdogo.

Anza na mteremko wa mbele. Tafuta kilima kidogo cha mviringo karibu katikati. Chini yake kuna mojawapo ya mifereji mitatu ya nusu duara, ile inayokujulisha umeinama au umezunguka. Nje na mbele ya kilima mfupa unakuwa bapa na mwembamba: ni dari la sikio la kati. Mwombe mwenzako amulike tochi kwenye tundu la sikio kwa nje, wewe utazame kwa juu chumba kikiwa na giza. Mara nyingi utaona dari linang'aa. Wahenga walisema ukuta una masikio. Hapa sikio ndilo lenye kuta, na kuta zenyewe ni hizi. Usaha uko chini, ubongo uko juu, na kati yao ni kitu kinachopitisha mwanga wa simu. Mtoto ambaye sikio limetoa usaha kwa miezi, halafu akaanza kuumwa kichwa kikali, kutapika na kusinzia, si wa kupewa matone tena. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Geukia mteremko wa nyuma. Tundu la mviringo lenye midomo laini lililo katikati yake ni mlango wa sikio la ndani. Neva ya 7 na ya 8 zinaingia humo pamoja na ateri ndogo. Lina urefu wa kama sentimita moja, na ukimulika mwisho wake utaona tuta la mlalo linalougawa ukuta. Neva ya uso iko juu upande wa mbele. Ya kusikia, tawi la neva ya 8, iko chini upande huo huo wa mbele. Zile mbili za msawazo, nazo matawi ya neva ya 8, ziko nyuma. Weka njiti moja hapa na nyingine kwenye tundu la nje la sikio. Zitazame kutoka juu: ziko karibu mstari mmoja. Kila kitu cha kusikia, kiwambo, vijifupa vitatu vya nyundo, fuawe na kikuku, koklea yenye umbo la konokono, kimebanwa kati ya ncha za njiti hizo mbili.

Chini ya mlango huo utaliona tena tundu la jugula, safari hii kwa juu. Na kutoka ukuta wa nyuma ya sikio kuna mfereji mpana uliopinda kama S ukishuka mpaka humo. Laza uzi wa buluu ndani yake, uache ncha idondoke kwenye tundu, pindua fuvu, uone imetokea wapi. Wanafunzi wangu wengi wanaelewa mzunguko wa damu ya kichwa kwa uzi huo kuliko kwa mchoro wowote nilioutundika ubaoni. Mfereji wa S uko upande wa ndani wa mastoidi ile ile unayoipapasa nyuma ya sikio, na usaha wa mastoidi ukiutoboa, damu inaweza kuganda humo.

Sehemu ya mwamba inayozunguka sikio la ndani ni miongoni mwa mifupa migumu kabisa mwilini. Ugumu huo huhifadhi vinasaba vizuri hata mahali pa joto. Mwaka 2015 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma vinasaba vya mtu aliyezikwa kwenye pango la Mota, kusini mwa Ethiopia, miaka kama 4,500 iliyopita, na walivipata kwenye mwamba wa mfupa wa panja.

Hatua ya 7: mrudie mtu aliye hai

Fanya mambo haya kwa mwenzako kabla ya kuyafanya kwa mgonjwa, na umwombe ruhusa hata kama ni rafiki.

Bonyeza mastoidi zote mbili kwa pamoja, ukiangalia uso wake, si masikio. Maumivu ya upande mmoja yanaonekana machoni kwanza. Msimamie nyuma ulinganishe masikio: mwenye usaha kwenye mastoidi, sikio husukumwa mbele na chini, na mkunjo wa nyuma ya sikio hupotea.

Piga uma wa kupimia usikivu, ule wa hezi 512, weka kitako chake kwenye mastoidi. Uweke juu ya mfupa mgumu, sio kwenye msuli ulio chini yake. Nimeona majibu ya uongo mengi kwa sababu hiyo tu. Akisema mlio umeisha, usogeze uma mbele ya tundu la sikio. Anayesikia kawaida atausikia tena.

Aliyeumia kichwa, mtazame nyuma ya sikio leo na kesho. Weusi au wekundu unaojitokeza juu ya mastoidi, ambao madaktari huuita alama ya Battle, huashiria sakafu ya fuvu imevunjika, na mara nyingi hauonekani siku ya kwanza. Kwenye ngozi nyeusi usingoje rangi ikupigie kelele: linganisha pande mbili kwenye mwanga wa jua, ubonyeze uone kama kuna uvimbe. Mwambie pia akunje paji la uso na aoneshe meno, maana neva ya uso inapita ndani ya mfupa huo huo.

Kabla ya kulirudisha kabatini

Fumba macho. Mwenzako akuwekee kidole kwenye alama yoyote, useme jina, kilichopita hapo, na jirani zake wawili. Ukikwama, rudi kwenye tundu la sikio uanze kutembea upya, usikisie.

Kisha toa nyuzi moja moja, uzihesabu, na njiti pia. Mulika ndani ya tundu la karotidi kwa mara ya mwisho. Mwaka juzi tulilifungua fuvu letu tukakuta kipande cha chelewa kimekatikia kwenye kona ile ya nyuzi 90, na mpaka leo kimo humo.